Neno Kwashiorkor na Historia ya Kuwalinda Mama na Mtoto

UTANGULIZI

Mjadala wa ukopaji wa maneno katika lugha za Kiafrika umezoea kwenda upande mmoja. Wataalamu huorodhesha yale ambayo lugha hizi zimepokea: daktari, hospitali, kliniki, vitamini, protini. Ni nadra kwa mtafiti kukutana na neno lililosafiri kinyume cha mkondo huo, likatoka katika kinywa cha mwanamke wa Kiafrika na kuingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima bila ya kubadilishwa. Neno kwashiorkor ni mojawapo ya hayo machache. Asili yake ni lugha ya Ga isemwayo Accra na viungani mwake, lugha ambayo haifai kuchanganywa na Rukiga ya Uganda. Mwaka 1935 lilichapishwa katika jarida la The Lancet la London, na tangu hapo limebaki kuwa jina rasmi la maradhi yanayowapata watoto wadogo: miguu na uso kuvimba, ngozi kubabuka, nywele kupoteza weusi wake, na mtoto kuwa mnyonge asiyetaka kuchezewa wala kuguswa.

Kusudi la makala haya ni kuifuata safari ya neno hilo na kuonyesha jambo moja. Neno lilipokopwa, umbo lake lilichukuliwa lote, lakini maana yake ilichukuliwa nusu. Nusu iliyochukuliwa ni ile iliyohusu chakula cha mtoto. Nusu iliyoachwa ni ile iliyomtaja mama na muda unaopita baina ya uzazi mmoja na mwingine. Kwa takriban miaka 40 juhudi za mataifa za kuwalinda watoto zilijengwa juu ya nusu ya kwanza, na safari ya kuirudia nusu ya pili ilikuwa ndefu na yenye gharama. Kwa hiyo suala la maana ya neno, ambalo huonekana kuwa la wanaisimu peke yao, hapa lilikuwa suala la uhai.

NENO LINAPATIKANA ACCRA

Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasomea udaktari Uingereza katika siku ambazo wanawake wachache tu walikubaliwa katika kazi hiyo. Mwaka 1929 alipelekwa na serikali ya kikoloni katika Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 ni Ghana. Cheo alichopewa kilimtofautisha na madaktari wanaume. Yeye alikuwa daktari wa kike, na kazi ya daktari wa kike katika makoloni ilikuwa kuwatazama wanawake na watoto. Ubaguzi huo ulimfikisha mahali ambapo wakubwa wake hawakuwa wakifika, yaani kwenye mabenchi ya kliniki walikoketi akina mama na watoto wao mapajani.

Katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise mjini Accra, Williams aliwaona watoto waliokuwa wakifika wamevimba na kubabuka, wengi wao wenye umri baina ya mwaka 1 na miaka 4. Mwaka 1933 alichapisha maelezo ya hali hiyo. Alieleza kwamba iliwapata watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi, na akasema kwamba upungufu wa protini haukuweza kuondolewa katika orodha ya sababu zilizoshukiwa. Madaktari wenzake hawakukubali kwamba hayo ni maradhi mapya. Mabingwa wa London walishikilia kwamba alichokiona ni pelagra, maradhi yaliyokwisha kuandikwa katika nchi nyingine zilazo mahindi. Huku Afrika ya Mashariki pia Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, aliandika mwaka 1937 kuhusu watoto wa Kiafrika wenye dalili hizo akiziita pelagra.

Williams alijibu mwaka 1935, na safari hii alitumia jina walilolitumia Waga wenyewe. Alieleza kwamba kwashiorkor ni maradhi yampatayo mtoto aliyeondolewa mahali pake pindi mwingine anapozaliwa. Baadaye walitokea waliolifasiri neno hilo kwa njia nyingine, kama vile mtoto mwekundu, kwa ajili ya rangi ya nywele. Hata hivyo fasiri ya Williams ndiyo iliyokubaliwa na wengi, na ndiyo iliyoendelea kunukuliwa katika vitabu vya tiba.

Fasiri hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Pelagra ni jina la Kitaliano linalotaja ngozi. Jina walilolitunga madaktari wa Kizungu baadaye, la utapiamlo wa hatari, linataja chakula. Neno la Ga halitaji ngozi wala chakula. Linataja tukio katika maisha ya nyumba: mtoto wa pili amezaliwa, wa kwanza ameshushwa mgongoni, ziwa limepokonywa, na mikono iliyokuwa yake imepata kazi nyingine. Ndani ya neno hilo mna watu 3, yaani mama, mtoto mchanga, na yule aliyemtangulia. Aidha mna wakati, kwa kuwa maradhi hayo yanategemea mwingine amezaliwa lini. Hilo ni jina la maradhi na papo hapo ni maelezo ya chanzo chake.

MANENO YA JIRANI

Waga hawakuwa peke yao katika fikira hiyo. Waganda walikuwa na neno obwosi kwa hali inayompata mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine kabla ya wakati. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana chirwa, ambayo humdhoofisha mtoto kwa sababu ya wazazi kuvunja miiko ya unyumba. Katika Kiswahili mna kitenzi bemenda. Wazazi waliorudiana mapema, mtoto angali ananyonya, husemwa kwamba wamembemenda mwana wao, na mtoto aliyebemendwa hutambulikana kwa kukonda, kuchelewa kusimama na kulialia bila sababu.

Haifai kuyapamba maneno haya kuliko yalivyo. Maelezo ya kimwili yanayoambatana nayo, kama vile kudai kwamba maziwa ya mama huharibiwa na tendo la ndoa, si ya kweli. Isitoshe, bemenda na chirwa ni maneno ya lawama. Kwashiorkor inaeleza yaliyompata mtoto, lakini bemenda ina mtenda na mtendwa. Mama aambiwaye kwamba kambemenda mwanawe hana pa kuuficha uso, naye akijua kwamba atatazamwa kwa jicho hilo huenda akamfungia mtoto ndani badala ya kumtoa apate matibabu. Wala haisahauliki kwamba lawama hiyo huelekezwa kwa mama zaidi, ingawa kitenzi chenyewe kinawahusu wazazi wote wawili.

Pamoja na kasoro hizo, maneno haya yote yamebeba ujuzi uliopatikana kwa kuangalia watoto wengi kwa muda mrefu. Ujuzi wenyewe ni kwamba uhai wa mtoto unafungamana na nafasi anayopewa kabla ya mdogo wake kuja. Mila ya pwani iliyowataka wazazi kungoja, ikiungwa mkono na mafunzo ya Kurani juu ya miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kukamilisha, ilikuwa kanuni ya afya iliyovaa vazi la adabu. Mila hizi zilikuwa na njia zake za kumsaidia mzazi, kama vile kurudi kwa wazee wake kujifungua na kukaa huko. Kadiri wanaume walivyozidi kuhamia mijini na mashambani kwa walowezi kutafuta kazi, na kurudi nyumbani kwa likizo fupi, ndivyo taratibu hizo zilivyozidi kulegea.

NENO LINAFANYWA PROTINI

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kuwalinda mama na mtoto kulifanywa kazi ya mataifa yote. UNICEF iliundwa Desemba 1946 kwa ajili ya watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita, na mwaka 1953 ikafanywa chombo cha kudumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilianza rasmi tarehe 7 Aprili 1948, na katika katiba yake afya na ustawi wa mama na mtoto vimetajwa wazi miongoni mwa kazi zake. Mtu wa kwanza kuiongoza sehemu ya afya ya mama na mtoto ya shirika hilo alikuwa Cicely Williams mwenyewe. Yaelekea basi kwamba neno la Ga lilikuwa limefika mahali pa juu kabisa, pamoja na mtu aliyelijua vizuri kuliko wote.

Lakini mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1950 wataalamu wawili, J. F. Brock na M. Autret, walitumwa na Shirika la Afya Ulimwenguni na Shirika la Chakula na Kilimo kuzizunguka nchi za Afrika kuyachunguza maradhi hayo. Ripoti yao iliyotolewa mwaka 1952 iliyahesabu kuwa maradhi ya lishe yaliyo makubwa na yaliyoenea kuliko yote yaliyojulikana. Chanzo kilichosisitizwa ni ukosefu wa protini. Kutoka hapo neno lilianza kubadilika maana. Kwashiorkor ikawa ni ukosefu wa protini, na ukosefu wa protini ukawa ndio kwashiorkor. Mwaka 1955 iliundwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kushauri juu ya protini. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa waraka juu ya hatua za kuzuia balaa la upungufu wa protini lililodhaniwa kuikaribia dunia. Fedha na akili nyingi zilitumika kutafuta protini mpya: unga wa samaki, protini ya majani, hata vijidudu vilivyokuzwa juu ya mafuta ya petroli.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na ushahidi uliokataa kuenea ndani ya fasiri hiyo. Mwaka 1968 C. Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto waliopatwa na kwashiorkor na wale waliokonda tu bila kuvimba hawakutofautiana katika chakula walichokula. Mwaka 1973 wataalamu wa mashirika yale yale mawili walipunguza makadirio ya protini anayohitaji mtoto, na kwa mkato huo mmoja wa kalamu sehemu kubwa ya upungufu uliokuwa ukiitisha dunia ikatoweka. Mwaka uliofuata Donald McLaren aliandika katika The Lancet makala makali akisema kwamba kazi yote hiyo ya protini ilikuwa aibu kubwa. Hata leo chanzo kamili cha kuvimba hakijatatuliwa chote. Utafiti juu ya mapacha wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba pacha mmoja huweza kupatwa na maradhi hayo na mwenziwe asipatwe, ingawa wanalishwa katika nyumba moja, na ukaelekeza macho kwenye vijidudu vinavyoishi matumboni mwao.

Haisemwi hapa kwamba protini haina maana. Williams mwenyewe aliitaja tangu mwanzo. Linalosemwa ni kwamba protini ilimeza maana nyingine zote za neno. Mtafiti aliyekuwa akipima damu ya mtoto katika maabara hakuwa na haja ya kuuliza mdogo wake alizaliwa lini, wala mama ana mimba ya miezi mingapi, wala shamba linalimwa na nani. Neno lilikuwa likiuliza maswali hayo kila lilipotamkwa, lakini aliyelitamka hakuwa akisikia lugha yake.

CHUPA NA KOPO

Kosa la maana lilizaa kosa la matendo. Maadam maradhi yalikuwa ya protini, dawa ilikuwa protini, na protini iliyopatikana kwa wingi ilikuwa maziwa ya unga ambayo Marekani ilikuwa na ziada yake. Katika miaka ya 1950 UNICEF iliyagawa maziwa hayo katika nchi nyingi. Huko Mulago, Kampala, yaliokoa maisha ya watoto waliokwisha kukata tamaa ya kuishi, na hilo lazima likubaliwe. Hata hivyo akina mama walijifunza kutokana na waliyoyaona. Mtoto aliyekuwa akifa alipewa maziwa meupe ya hospitali akapona. Kwa hiyo baadhi yao walianza kuyahesabu maziwa ya kopo kuwa dawa iliyo bora kuliko ziwa, wakayanunua madukani, wakayatia maji mengi ili yadumu, wakayanywesha kwa chupa isiyoweza kuchemshwa vizuri. Watoto wakaanza kufa kwa kuharisha.

Wafanyi biashara hawakuwa nyuma. Williams alikuwa ameliona jambo hilo mapema huko Malaya, alikohamishiwa mwaka 1936. Mwaka 1939 alihutubia wakubwa wa mji wa Singapore na kusema wazi kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha ili wanunue maziwa yasiyofaa ni sawa na mauaji. Vita vilipofika Wajapani walimfunga. Katika kifungo hicho cha Changi, kama alivyoeleza baadaye, watoto 20 walizaliwa, wote 20 wakanyonyeshwa na mama zao, na wote 20 wakaishi.

Maneno yake yalichukua zaidi ya miaka 40 kuwa kanuni ya dunia. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa afya ya watoto Makerere, alitunga istilahi ya kuueleza utapiamlo unaozalishwa na biashara. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu juu ya maziwa ya chupa katika nchi maskini, na mwaka 1977 wananchi wa Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé. Tarehe 21 Mei 1981, huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni ulipitisha kanuni za kimataifa za kuongoza uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikupiga upande wowote, na Marekani peke yake ikapinga. Nchini Kenya sheria kamili juu ya jambo hilo ilipitishwa mwaka 2012. Kwa njia hiyo ziwa la mama lilirudishiwa heshima katika sheria. Lakini mama mwenye ziwa alikuwa bado hajatazamwa.

KUTOKA MULAGO MPAKA IRINGA

Nusu iliyoachwa ya neno ilianza kurudi kidogo kidogo, na aghalabu ilirudi pale ambapo wataalamu walikubali kuitumia lugha ya wenyeji. Mwaka 1965 kilifunguliwa huko Mulago kituo cha lishe kilichopewa jina la Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutoka kwa mama mwenye afya. Jina hilo lilikuwa ni siasa nzima ya kituo. Mama alilazwa pamoja na mwanawe. Aliyepika ni mama mwenyewe, na alichopika ni matoke, maharagwe na karanga zilizotoka katika shamba kama lake, vikafungwa pamoja katika jani la mgomba na kuchemshwa kwa mvuke. Mtoto aliponenepa, majirani walimwona mama aliyemponya mwanawe kwa chakula cha nyumbani. Hakuwa tena mtu aliyekwenda kuombewa maziwa ya wageni.

Magharibi mwa Nigeria, David Morley alikuwa ameanzisha mwishoni mwa miaka ya 1950 kliniki ya watoto wa chini ya miaka 5 na kadi ya kupimia ukuaji, ambayo mama aliiweka nyumbani. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi ya kuandikia sababu zinazomfanya mtoto ahitaji uangalizi zaidi, mathalani kuzaliwa kwa mdogo wake upesi. Jambo lililokuwa limefichama ndani ya neno kwashiorkor likawa limepata kisanduku chake katika karatasi.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, yote kwa Kiswahili, na mwaka 1975 ikafuatiwa na ile ya Chakula ni Uhai. Haya yalitangulia Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, ambapo wajumbe wa serikali 134 walikubaliana kwamba afya ya msingi kwa wote haiwezekani bila ya watu wenyewe kushiriki. Azimio hilo halikukaa muda mrefu kabla ya kupunguzwa. Tangu mwaka 1982 UNICEF chini ya James Grant ilichagua mambo machache yenye matokeo ya haraka: kupima ukuaji, maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha, kunyonyesha na chanjo. Mamilioni ya watoto waliokolewa kwa uchaguzi huo. Hata hivyo wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba mama alihesabiwa humo kama mkono wa kumfikishia mtoto dawa.

Mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali ya Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Ulimwenguni, ulikwenda mbele zaidi. Katika vijiji 168 vya mwanzo watoto walipimwa uzito hadharani, na kila mtoto aliyepungua alizua swali la kijiji: kwa nini? Majibu hayakuwa ya chakula peke yake. Ilionekana kwamba mtoto hulishwa mara chache kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, kwamba mlezi wake ni mtoto mwenziwe, kwamba maji yako mbali. Baina ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka karibu 56 hadi 38 katika kila 100. Kutokana na uzoefu huo UNICEF iliandaa mwaka 1990 mchoro wake maarufu wa vyanzo vya utapiamlo, unaoweka mambo 3 sambamba: chakula, huduma za afya, na malezi. Jambo hilo la tatu lilipokewa na wataalamu wa dunia kama ugunduzi. Wanawake wa Accra walikuwa wamekwisha kulisema miaka 55 kabla yake kwa neno moja.

NAIROBI, 1987

Palibaki pengo moja, nalo lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwaka 1985 Allan Rosenfield na Deborah Maine waliuliza katika The Lancet yuko wapi mama katika ile huduma iitwayo ya mama na mtoto. Jibu lilikuwa chungu. Katika miradi mingi mama alitajwa katika jina, lakini kazi yote ilikuwa ya mtoto. Mwanamke aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, au aliyepatwa na kifafa cha mimba, hakuokolewa na kadi ya ukuaji wala kwa chanjo.

Kuanzia tarehe 10 hadi 13 Februari 1987 ulifanyika mjini Nairobi mkutano wa kimataifa ulioitishwa na Benki ya Dunia, Shirika la Afya Ulimwenguni na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Hapo ilitangazwa kwamba wanawake wapatao 500,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za uzazi, karibu wote katika nchi maskini, na pakaanzishwa juhudi za uzazi salama. Ilikusudiwa kwamba vifo hivyo vipunguzwe kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Lengo halikufikiwa. Malengo ya Milenia yalitaka vipungue kwa robo 3 kati ya mwaka 1990 na 2015, navyo vikapungua kwa asilimia 44. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000. Hayo ni maendeleo, lakini si ya kujivunia sana, kwani sababu kubwa za vifo hivyo zinajulikana na kinga yake inajulikana pia.

Yapo maneno mawili ya Kiswahili yanayofaa kukumbukwa hapa. Watu wa pwani na visiwani wamesema uzazi wa majira, na kwingi katika Kenya na Tanzania limeenea uzazi wa mpango. Kenya ilianza mpango wa taifa wa jambo hilo mwaka 1967, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Neno mpango ni la ofisi, nalo liliwafanya wengi washuku kwamba serikali inataka kuwahesabia watoto. Neno majira ni la mkulima na baharia. Linamkumbusha msikilizaji kwamba kila jambo lina wakati wake, kama mvua na kama kusi na kaskazi, na linaungana moja kwa moja na ile hofu ya kale ya kumbemenda mtoto, bila ya kubeba lawama yake. Mwaka 2005 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Ulimwenguni walipendekeza kwamba baada ya kujifungua mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Miezi 24 ni miaka 2. Bibi wa pwani asiyejua kusoma angeweza kuwaambia hivyo, ingawa sababu ambazo angezitoa si zile zao.

HITIMISHO

Historia hii ina fundisho kwa wale wanaounda istilahi na kuzisanifisha. Kiswahili sanifu kimelitumia neno utapiamlo, lililoundwa kwa kitenzi tapia na nomino mlo, na Tanzania imelitumia unyafuzi kwa kwashiorkor yenyewe. Utapiamlo ni neno zuri, limeeleweka na limekubalika. Lakini kama jina lenyewe linavyoonyesha, linatazama sahani. Haliulizi nani ameandaa mlo huo, wala amebeba mimba ya ngapi. Si shauri la busara kuliacha, na si hilo linalopendekezwa. Linalotakiwa ni kwamba kamati za istilahi, kabla ya kuunda neno jipya la afya, ziwaendee kwanza wanawake, wakunga na wakongwe, ziulize wao wanaiitaje hali hiyo, na kisha ziulize neno hilo linajua nini. Huenda neno likawa na makosa, au likawa na ukali usiofaa kama ule wa bemenda. Hata hivyo neno lenye makosa huweza kushika kweli ambayo maabara itaifikia baada ya miaka 50, na katika miaka hiyo watoto wanazaliwa na kufa.

Jina la Cicely Williams, aliyefariki mwaka 1992, linajulikana na kila asomeaye tiba ya watoto, na anastahili sifa hiyo kwa kuwa alisikiliza pale ambapo wenzake hawakusikiliza. Wanawake wa Accra waliomfundisha neno hilo, wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na wale watoto walioshushwa mgongoni, hawakuandikwa majina popote. Kimebaki kile walichokisema, nacho bado kinangoja kusomwa chote.